Mguu Uliokuwa Ukisalimia

Ipo Ijumaa moja ya ujana wangu ambayo siisahau, mwanangu, kwa sababu siku ile nilimharakisha mtu aliyekuwa anaumwa.

Ilikuwa Temeke, miaka ile mitumba ilipoanza kujaa sokoni. Nilikuwa na umri kama wako, naishi kwa baba yangu mkubwa, Mzee Salum, fundi cherehani. Kazi ya nguo mpya ilikuwa imepungua. Alishinda akipunguza suruali za mitumba, mguu kwenye pedali, sigara mdomoni.

Kila Ijumaa tulikwenda msikitini pamoja, na kila Ijumaa tulichelewa. Alikuwa akisimama njiani kusalimia. Kwa Mama Zuhura wa maandazi aliulizia watoto mmoja mmoja. Mbele kidogo alisimama kwa kinyozi, kisha kwenye nyumba yenye mlango wa kijani. Nilimwona mzee mwenye maneno mengi, basi.

Siku ile alifika kwenye mlango wa kijani akapiga hodi. Wenyewe walikuwa wamehamia Mbagala mwezi uliopita, na yeye ndiye aliyewasaidia kufunga mizigo.

"Bamkubwa, sasa unausalimia mlango?" nilisema nikicheka. "Twende, imamu hatusubiri sie."

Aliuacha mlango. Alinifuata. Nikakaza mwendo, wala sikugeuka mpaka niliposikia ndara zake zimenyamaza. Nilimkuta ameketi mchangani na kanzu yake nyeupe, ameshika kigimbi kwa mikono miwili.

"Mimi salamu zangu nilishazimaliza zamani, mwanangu," alisema akihema. "Anayesalimia ni huyu mguu."

Baadaye niliipima njia ile kwa hatua. Kutoka salamu moja hadi nyingine umbali ulikuwa karibu sawa. Maumivu yalimshika hapo, akisimama kidogo yanaondoka. Alikuwa ameyaficha kwa muda mrefu, akiogopa neno moja: kukatwa. Mguu ule ndio ulioendesha cherehani. Siku ile, nilipomvua ndara pale mchangani, niliona kidonda kidoleni, na wayo ulikuwa wa baridi, mchana wa jua kali.

Hospitalini daktari wa upasuaji alitafuta mapigo juu ya wayo, hakuyapata. Akatueleza kwamba mshipa mkubwa unaopeleka damu mguuni umejenga utando mgumu kwa ndani, pale kinenani, na sigara zimechangia. Angeupasua mshipa, aubandue utando, kisha aushone. Damu ikikataa kushuka hata hivyo, mguu ungeondoka.

Bamkubwa alifikiri. "Yaani unatoa bitana ya ndani, koti unaliacha."

"Hasa, mzee wangu."

"Ukishona, hautabana?"

"Nitatia kiraka. Kipande cha mshipa wako mwenyewe."

"Kiraka cha kitambaa kilekile," aliniambia mimi, si daktari. "Huyu fundi. Mwache ashone."

Siku iliyofuata upasuaji, daktari alikichukua kidole changu akakiweka juu ya wayo wa Bamkubwa. Wayo ulikuwa na joto. Nikasikia mapigo, madogo, kama cherehani inayokwenda taratibu chumba cha pili. Nililia, naye akanicheka.

Kidonda kilichukua muda kufunga. Sigara ilichukua muda zaidi kuachika. Ijumaa ya kwanza tuliporudi msikitini, alimpita Mama Zuhura, akampita kinyozi, akaupita mlango wa kijani. Kisha akasimama ghafla. Nikautazama mguu.

"Unauma?"

"Hauumi. Turudi. Nimempita Mama Zuhura bila salamu."

Tukachelewa tena, na mimi sikumharakisha.

Basi, mwanangu, mzee akipunguza mwendo, punguza wa kwako kwanza, ndipo uulize. Usimuulize mbele za watu. Muulize ukimsaidia kuvua viatu, na uiguse miguu yake. Maumivu yanayokuja kwa kutembea na kuondoka kwa kupumzika, yapeleke hospitali kabla hayajawa kidonda. Na sigara hiyo unayonificha nyuma ya mgongo, izime.

Mungu akufikishe uendako kwa miguu yako mwenyewe, na siku ikikubidi kusimama njiani, akupe mtu wa kusimama nawe.