Marehemu Hafungui Madai

Siku yangu ya kwanza kazini, katika Mahakama ya Mwanzo ya Kibondo, Karani Mkuu hakunipa kalamu. Alinipa sindano ya gunia na uzi wa katani, akanionyesha rundo la majalada yaliyochanika, akasema, "Shona. Karani asiyejua kushona jalada atapoteza haki ya mtu kabla hakimu hajaisoma." Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mimi binti niliyetoka kujifunza kupiga chapa nilidhani kazi ya mahakama ni kuvaa vizuri na kuita majina ya watu kwa sauti. Nikaketi chini, nikashona.

Sikumaliza rundo lile. Waliingia wazee wa kijijini, wakasema wanataka kumdai jirani yao aliyekata mti ovyo ukamwangukia ndugu yao. Nikafurahi kupata kazi ya kalamu. Nikawauliza jina la mdai, yaani mtu anayeleta madai, wakanitajia, nikaliandika kwa mwandiko wangu bora. Nikauliza mdai mwenyewe yuko wapi.

"Tumemzika," mmoja akanijibu kwa upole, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa.

Nilimpelekea Karani Mkuu karatasi ile. Akaisoma, akavua miwani, akanitazama. "Siku ya kesi akija," akasema, "utamwapisha wewe."

Vijana wanaonitembelea siku hizi hucheka nikiwasimulia hilo. Wacheke tu. Kwa miaka yote niliyokaa mahakamani, familia nyingi nilizoziona zikikosa haki ya ndugu yao aliyeuawa kwa uzembe wa mtu hazikushindwa na mawakili wala na matajiri. Zilishindwa kutoa mtu mmoja aliye hai wa kusimama mahali pa aliyekufa. Marehemu hafungui madai. Mtu huyo huitwa msimamizi wa mirathi, na mahakama ndiyo inayomteua. Ili imteue, mahakama zetu zilitaka kwanza ukoo ukae, umpendekeze, wazee watie saini au dole gumba kwenye muhtasari wa kikao. Kisha tangazo linabandikwa ubaoni, mwenye pingamizi ajitokeze. Akishateuliwa, anakwenda kumdai aliyesababisha kifo. Hakuna uchawi hapo. Mtu anayeweza kusonga ugali wa muhogo anaweza kufanya hivyo.

Lakini jaribu kuuketisha ukoo wa Kiha uone.

Kwetu Buha msiba una milango miwili. Wa kwanza ni maziko. Wa pili ni siku ya kumaliza msiba, pombe inapikwa, ukoo wote unakusanyika, na hapo ndipo mali ya marehemu inapotajwa kwa mara ya kwanza. Kabla ya siku hiyo, anayetaja hata jembe la marehemu anaonekana alikuwa akimwombea afe. Na siku hiyo haifanyiki bila kaka mkubwa. Sasa kaka zetu wakubwa walikuwa wapi? Tanga, kwenye mkonge. Waha tumekata mkonge wa nchi hii tangu enzi za babu zetu, na wengi waliokwenda manamba hawakurudi. Basi marehemu analala kaburini, mali yake inalala nyumbani, na haki yake inalala mahakamani, wote wakimsubiri mtu ambaye huenda ana mke wa tatu huko Korogwe.

Nilimwuliza Hakimu wa Kibondo, mtu wa maneno machache, kwa nini tusiwaambie watu ukweli huu kijiji kwa kijiji. Akanijibu, "Karani si wakili." Akatia saini jalada lingine. Baadaye akaongeza, "Lakini kumwonyesha mtu mlango si kumpigia hodi." Neno hilo nililishika, na nililitumia zaidi ya alivyokusudia.

Nikahamishiwa Kasulu miaka ile wakimbizi walipoingia kwa wingi kutoka Burundi. Barabara za vumbi ambazo zilizoea baiskeli zikajaa malori ya mahindi ya kambini. Mahakama ya Mwanzo na ya Wilaya zilikuwa kiwanja kimoja, makarani tukiazimana kama chumvi, kwa hiyo niliona kesi za pande zote mbili. Nikaona ajali. Na hapo ndipo alipokuja Mama Yusta.

Mumewe, Herman, alikuwa akibeba maharage kwa baiskeli kutoka kijijini Heru Juu kwenda kuuza sokoni Kasulu. Lori la mahindi lililokuwa likielekea kambi ya Mtabila lilimfuata pembeni kabisa mwa barabara, kwenye majani, likamgonga akafa. Mwenye lori, tajiri mmoja wa mbali, alifika msibani na sanda, gunia la mchele na ng'ombe. Wazee wakapokea kwa mikono miwili. Dereva akashtakiwa, akakiri, akatozwa faini. Siku ya hukumu baba mdogo wa marehemu, Mzee Barnaba, ambaye ndiye aliyekuwa akiusemea ukoo, alitoka mahakamani akitabasamu.

"Mwakeye, mama karani," akanisalimu. "Tumeshinda. Ametozwa."

"Faini imekwenda wapi, mzee?"

"Kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Kwenu serikalini."

"Na mjane amepata nini?"

Akafikiri. "Amepata haki," akasema, akaondoka zake.

Nilitamani kumrushia sindano ya gunia. Ile ilikuwa kesi ya jinai. Pale Jamhuri ndiyo inayolalamika, na akitozwa mtu, faini ni ya Jamhuri. Haki ya mke na watoto waliokuwa wakilishwa na marehemu iko kwenye kesi nyingine, ya madai, na hiyo haijifungui yenyewe. Tena ina ukomo wa muda. Ikipita miaka mitatu tangu kifo, mlango unafungwa, hata uje na mashahidi wa kujaza uwanja wa mpira. Nilimweleza hayo Mama Yusta mwenyewe alipokuja, mtoto mgongoni. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Ego," akaitikia. "Nimeelewa. Nitawaambia wakae."

Akawaambia. Mzee Barnaba akamjibu kwamba Lazaro yuko mkonge. Lazaro ndiye kaka mkubwa wa marehemu, na alikuwa ameondoka Heru Juu kabla Mama Yusta hajaolewa, kiasi kwamba mwanamke yule alikuwa hajawahi kumwona uso. Walimtumia salamu na watu wanaokwenda Tanga. Jibu likarudi kwamba atakuja baada ya mavuno. Mavuno yakapita, mvua zikanyesha, watu wakapanda tena, wakavuna tena. Kila Mama Yusta alipopita ofisini alikuwa amekonda zaidi, na mimi nimechoka zaidi. Nilimfuata Mzee Barnaba mpaka sokoni.

"Mzee, muda unakwisha."

"Haraka haraka haina baraka, mama karani."

"Ngoja ngoja nayo huumiza matumbo."

"Matumbo ya nani?"

"Ya wajukuu zako, mzee. Wanakula viazi vya kuomba."

Akakasirika. Akaniambia watu wa ofisini tumezoea kuandika watu kabla hawajapoa. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Yeye alikuwa na shamba na wanawe wakubwa, angeweza kusubiri mpaka mkonge uote matunda. Na yule mwenye malori hakuwa mjinga. Kila gari lake lilipopita Heru Juu lilimshushia Mzee Barnaba chumvi na sukari, na salamu kwamba msiba bado mbichi, wasije wakadaiana kama watu wasio na utu. Yeye alikuwa anaijua kalenda. Ukoo wa Herman ndio ulioona ni ungwana.

Nilipeleka uchungu wangu kwa Hakimu Mfawidhi, yaani hakimu mkubwa wa wilaya, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Alinisikiliza akimenya chungwa. "Kama ukoo hautaki kukaa," akasema, "mjane aombe mwenyewe usimamizi. Mahakama ya Mwanzo itauita ukoo uje ueleze kwa nini asipewe. Watu wasiokaa kwa hiari hukaa kwa hati ya wito."

Na kweli walikaa. Hati za wito zilipofika Heru Juu walikuja kumi na kitu, wamevaa makoti, wamekasirika, wakajaza benchi zote za Mahakama ya Mwanzo. Mimi ndiye niliyeazimwa kuandika siku hiyo. Hakimu wa Mwanzo aliketi na wazee wawili wa baraza, akamwita Mzee Barnaba aeleze pingamizi lake.

"Mheshimiwa," akasema, "huyu ni mke. Mke ni wa watu. Kesho akiolewa Kibondo, shamba la baba zetu litakwenda Kibondo?"

"Marehemu ameacha nini?" Hakimu akauliza.

"Shamba la mihogo. Na baiskeli."

"Baiskeli iliyogongwa?"

"Tumeinyoosha."

Niliacha kuandika. Muda wote ule, misimu yote ile ya kusubiri, walikuwa wakilinda mihogo na baiskeli iliyopinda. Hakuna hata mmoja wao aliyefahamu kwamba kitu kikubwa alichoacha Herman ni dai lenyewe. Hakimu aliwaeleza. Wakatazamana. Mmoja akanong'ona kwamba hayo ni mambo ya kumsubiri Lazaro.

Hapo Mama Yusta akasimama bila kuitwa. Askari wa mahakama alitaka kumkalisha, Hakimu akamzuia kwa mkono.

"Shamba chukueni," akawaambia wakwe zake. Hakupandisha sauti. "Baiskeli chukueni. Mimi nipeni kifo chake."

Hakimu alimwuliza kama anaelewa anachoachia. Akasema anaelewa, kwamba analima shamba lile tangu alipoolewa na anajua kila kichuguu chake. Akamwuliza tena. Akajibu vilevile. Wazee wa baraza wakamkubali, na Mzee Barnaba, ambaye alikuwa amepata alichokijia, hakuwa na la kupinga. Niliandika uamuzi ule kwa hasira, kalamu ikitoboa karatasi. Niliwachukia wote, na Lazaro ambaye sikuwahi kumwona nilimchukia zaidi.

Mama Yusta akahamia chumba cha kupanga mjini Kasulu, akauza mandazi. Madai yalipigwa chapa na mzee mmoja mwenye taipureta sokoni, yakaingia Mahakama ya Wilaya muda ukiwa umebaki kidogo sana. Nililipokea jalada mwenyewe na kulishona kwa uzi maradufu. Mwenye malori akaleta wakili kutoka mbali. Wakili alikuwa na hoja moja tu, nayo ilikuwa kali: kwamba ng'ombe na mchele vilikuwa malipo, ukoo ulipokea, jambo likaisha kwa mila. Akamwita Mzee Barnaba awe shahidi wake. Nilipoona jina lile kwenye orodha nilijua tumekwisha. Chumvi na sukari zilikuwa zimekuja kudai chao.

Mzee Barnaba akaapa. Wakili akamwuliza kama ni kweli alimpokea ng'ombe. Akakubali. Akamwuliza kama ng'ombe yule alikuwa fidia ya kifo cha Herman.

Mzee akamtazama usoni. "Wewe ni mtoto wa nani?" akamwuliza. Hakimu Mfawidhi akamtaka ajibu swali. Akamgeukia Hakimu, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyetukanwa. "Mheshimiwa, mtu wetu hauzwi kwa ng'ombe. Yule ng'ombe alikuwa wa kulia msiba pamoja nasi. Kama aliletwa kuwa bei, mimi sikuambiwa, na ningeambiwa ningemrudisha na kamba yake."

Wakili akaketi. Ushahidi uliomshinda tajiri ulitoka kwenye kinywa kilekile kilichonichosha kwa miaka. Mpaka leo sijui nimshukuru mzee yule au nimgombeze. Nilifanya yote mawili, nje, chini ya ukingo wa paa, naye akanijibu kwamba mimi huwa sielewi mambo ya msiba.

Mama Yusta alishinda. Hukumu ilipotoka, ukoo ule ambao haukuweza kukaa bila Lazaro ulikaa mchana mmoja, bila Lazaro, ukaleta mahakamani muhtasari safi wenye saini zote ukiomba mgawo wake. Hakimu Mfawidhi aliusoma wote, akasema fidia ni ya mke na watoto waliokuwa wakimtegemea marehemu, akaurudisha. Nilicheka peke yangu masjala mpaka machozi yakanitoka, na sikuwa na furaha.

Nimestaafu sasa. Watu hudhani mstaafu huwa mpole. Mimi bado nina hasira zangu, na nazitunza. Vijana wa Kasulu wana simu, wana bodaboda, wanajua habari za dunia nzima, lakini waulize mtu akigongwa familia ifanye nini, watakuambia polisi watajua. Chukueni taarifa ya polisi na ya daktari. Msizike mambo pamoja na mtu. Pokeeni ng'ombe wa rambirambi, ni ubinadamu, lakini mseme mbele ya watu kwamba mmempokea kwa rambirambi. Kaeni mapema. Kaka aliye mbali aandikwe kwenye muhtasari kuwa yuko mbali.

Majuzi nilikwenda kuzika kijiji kimoja kule juu. Marehemu alikuwa kijana fundi wa ujenzi aliyeangukiwa na ukuta wa nyumba ya mtu, na mwenye nyumba alikuwa ameketi palepale kwenye jamvi, akihudumiwa chai. Nikasimama, nikasema yale ninayoyasema siku zote. Mzee mmoja akanikatiza kwa heshima: "Mama karani, msibani hatuzungumzi sheria. Tunamsubiri kaka yake, yuko Dar es Salaam."

Nikakaa. Nilikuwa nimechoka, nikaaga, nikashika njia. Sikuwa nimefika mbali niliposikia mtu ananifuata. Alikuwa mjane mwenyewe, msichana mdogo, miguu ina udongo wa kaburini.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "huo muda unaanza kuhesabiwa lini?"

"Umeshaanza," nikamwambia.