Mke wa Namba Mia Nne na Kumi na Mbili

"Masika ya mwakani yakiisha mkanikuta tena kwenye mstari huu, ninyoeni nywele mfagilie choo cha kambi."

Hayo Grasiana aliyasema Jumamosi moja asubuhi, mwaka 1950, mbele ya wanawake arobaini wenye vikapu na mwanamume mmoja mwenye pishi ya kupimia unga. Alikuwa na wiki tatu tu Korogwe. Kiswahili chake kilikuwa bado kinachechemea, lakini majigambo yale yalitoka yamenyooka. Mwenye pishi alikuwa Petro, mpima posho wa shamba la mkonge. Hakuwa mtu mbaya sana, Petro. Alikuwa mtu mdogo aliyekabidhiwa pishi, na pishi ikampanda kichwani.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa jina. Valerian, mume wa Grasiana, aliandikwa kazi kwao Urundi, na siku hiyo hiyo akapewa kibati kimechorwa 412. Tangu hapo shamba halikuwa na habari na Valerian, lilikuwa na habari na 412. Yeye hilo halikumkosesha usingizi. Mchana kutwa kwenye miiba ya mkonge, usingizi haumpi mtu nafasi ya kuwaza jina. Lakini siku ya unga Petro aliita, "Mke wa mia nne na kumi na mbili." Grasiana hakusogea. Petro akaita tena.

"Mimi nina jina," Grasiana akasema.

"Humu daftarini hakuna jina lako. Kuna namba, na mke wake. Unga unautaka huutaki?"

Aliuchukua, maana mwanawe Yordani alikuwa mgongoni akinyonya kidole kwa njaa. Ndipo akageuka akawatangazia wote habari ya nywele.

"Mama Yordani," akasema Rosina, jirani yake wa kambini, mwanamke wa Buha asiyejua kunong'ona, "nywele zenyewe hizo hazijazi hata kiganja. Choo kile kinataka vichwa vitatu."

Watu wakacheka, Grasiana akacheka nao. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na kambini neno likitoka halirudi mfukoni.

Huko Urundi mwandikishaji alikuwa amemwambia Valerian kwamba Tanganyika mtu anakata majani tu, analipwa. Wala hakudanganya. Aliacha tu kutaja kwamba kipande, ile kadi ya kazi, hakilipwi mpaka siku thelathini zitiwe alama, na siku ya homa haitiwi. Akaacha pia kutaja kwamba huku kila kitu kina bei. Grasiana aliligundua hilo Handeni, lori lao lilipopumzika likitokea Morogoro. Alimwendea mama mmoja sokoni akamuuliza kwa vidole bei ya kopo la maharage. Alipojibiwa kwa vidole, alicheka mpaka yule mama akafunika kapu lake. Kwao mtu haulizi maharage ni bei gani, anauliza kama yameiva. Kufika Korogwe akakuta chumvi ina bei, sabuni ina bei, mafuta ya taa yana bei, na kaniki moja inakula karibu nusu ya kipande cha mwanamume. Akaacha kucheka.

Akatafuta kazi. Kwenye kamba za kuanikia singa, zile nyuzi za mkonge, nyampara akamtazama mgongoni akasema kazi ipo, ila ya mtu mmoja, na yeye ni wawili. Akajaribu kuuza kuni. Akaambiwa pori lote lile ni la shamba. Mwishowe akavuka mpaka kijiji cha Kwamndolwa, akapata kibarua cha kupalilia mahindi ya Mwanaidi, mke wa Mzee Mhina, Mzigua aliyezaliwa palepale na babu yake akazikwa palepale. Siku ya pili Mwanaidi akamwita mumewe.

"Njoo umwone mtu huyu. Analima kama anamkimbiza mwizi."

Mhina akaja akatazama. Wiki iliyofuata akamwazima Grasiana kipande cha shamba kando ya kijito. Sharti lilikuwa debe moja la mahindi akivuna. Kuhusu miti hakutia neno, kama vile huwezi kumkaribisha mgeni ukamwonya asikojoe kitandani. Katika nchi ile hata mtoto anajua: shamba la kuazima unapanda kinachovunwa kikaisha. Ukipanda kinachobaki, umesema shamba ni lako.

Grasiana hakuwa mtoto wa nchi ile. Alipanda mahindi na maharage, halafu akapanda mlima mpaka Bungu nyuma ya wanawake wa Kisambaa waliokuwa wakirudi kutoka sokoni. Akawalimia siku mbili, wakamlipa machipukizi kumi na tano ya migomba. Akashuka nayo kwa awamu, shingo imezama mabegani, akayapanda mstari mmoja kando ya maji. Kwao mwanamke asiye na migomba bado hajafika anakokwenda. Na kambini kulikuwa na Warundi, Wanyaruanda na Waha mia mbili ambao kila Jumamosi waliutazama unga ule wakikumbuka ndizi za kupika. Yeye hesabu hiyo alikuwa ameshaifanya.

Migomba ilipofika magotini, alimkuta Mzee Mhina amekaa shambani juu ya jiwe, fimbo katikati ya miguu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mama Yordani, hiki ni nini?"

"Mgomba, mzee."

"Mgomba naujua kabla yako. Nauliza unafanya nini hapa."

"Unakua."

Mhina akaminya midomo. Pengine kicheko kilimpitia, lakini hakukipa kiti. "Nani alikwambia upande kitu cha kukaa?"

"Kwetu, mzee, asiyepanda mgomba ni mpita njia."

"Na hapa ni hivyo hivyo," akasema Mhina taratibu. "Wewe ni mpita njia. Ijumaa ijayo nikitoka msikitini nisiikute. Na mahindi ukishavuna, unirudishie shamba langu. Mtu aliyeanza na migomba atamalizia na kaburi."

Neno la mpita njia lilimkaa kifuani kuliko lile la shamba. Kambini Valerian alimsikiliza mpaka mwisho, akachomoa mwiba kidoleni, akasema, "Tutarudi kwenye posho. Mstari haumuumi mtu."

"Wewe hujawahi kuitwa mke wa mtu."

"Mimi naitwa mia nne na kumi na mbili kila siku."

"Basi ulitakiwa uumie wa kwanza."

Petro naye habari zilimfikia, maana Rosina alizihurumia kwa sauti kubwa. Jumamosi akamjazia unga akamwuliza kwa upole kama nywele zinakua vizuri.

Siku nne Grasiana aliuzungusha kichwani usemi wa Mhina, akiutafuta ulipo mlango. Mzee hakuichukia migomba. Alichokataa ni mgomba wa mtu mwingine kwenye ardhi yake. Alhamisi asubuhi akashika jembe, akaing'oa yote kumi na tano, kila mmoja na udongo wake miguuni. Akaibeba mitatu mitatu kichwani mpaka nyumbani kwa Mhina. Nyuma ya jiko la Mwanaidi palikuwa na bonde dogo ambako maji ya kuoshea vyombo yalituama mwaka mzima yakilea mbu. Akaanza kuchimba.

Mwanaidi akatoka na mwiko mkononi. "We mwanamke, unazika nani nyuma ya jiko langu?"

"Naleta mali ya mzee. Kinachobaki kwenye ardhi yake ni chake. Basi nimekileta mpaka kwake, asitembee."

"Na wewe unapata nini?"

"Napalilia mimi. Mkungu wa kwanza wenu, wa pili wangu. Wa tatu wenu, wa nne wangu. Na shamba la chini nabaki na mahindi na maharage, basi."

Mwanaidi akalitazama lile dimbwi la mbu, akaitazama migomba. "Chimba," akasema. "Akija, nitamjibu mimi."

Ijumaa Mhina alirudi msikitini na kanzu yake, akazunguka nyuma ya jiko, akaona. Mwanaidi akafungua kinywa, mzee akainua mkono. Alipita mgomba mmoja mmoja, polepole, mpaka wa mwisho.

"Huu umeuweka karibu na ukuta," akamwambia Grasiana. "Mizizi itakula nyumba yangu."

Akavua kanzu, akamkabidhi mkewe, akachukua jembe. Mgomba ule aliuhamisha kwa mkono wake mwenyewe, hatua mbili mbele, akaukanyagia udongo. Habari ya kurudishiwa shamba hakuitaja tena, siku ile wala baadaye.

Agosti, mahindi yalipoingia ndani, mstarini walimwona Grasiana kwa mara ya mwisho. Masika ya mwaka uliofuata yakaja, yakaisha. Jumamosi moja ya Juni 1951, wanawake wa kambini walivuka mpaka Kwamndolwa na vikapu vya unga, wakasimama nyuma ya jiko la Mwanaidi kununua ndizi, wengine chana moja, wengine mbili. Rosina alikuwa mbele. Alimwinamisha Grasiana kichwa, akakipapasa hadharani.

"Zimekuwa ndefu," akatangaza. "Choo kitatafuta fagio lingine."

Petro akafika na baiskeli. Alitaka mkungu mzima. Akasogea moja kwa moja mbele, kwa mazoea.

"Baba, mstari unaanzia kule," Mwanaidi akamwambia.

Akaenda kule. Zamu yake ilipofika, Grasiana alikuwa anafuta utomvu kwenye panga.

"Jina?"

"Aa, Mama Yordani. Si unanijua?"

"Nakujua. Nataka kulisikia."

"Petro."

"Karibu, Petro," akasema Grasiana, kwa Kiswahili kisichochechemea tena, akamchagulia mkungu mzuri kuliko yote uliokuwepo, akaufunga mwenyewe kwenye baiskeli kwa kamba ya mkonge.

Mkungu ulikuwa shilingi moja.