Mtani Aliyevaa Tai Msibani

Nakumbuka Jumapili moja pale Hayes, hapa London, mwanangu, nilipoingia msibani nimevaa tai. Nakueleza kwa sababu juzi uliponionyesha kwenye simu yako wale wachekeshaji wawili wa zamani wa televisheni ya hapa, nilicheka mpaka miwani ikaanguka, kisha nikanyamaza, nawe ukaniuliza kwa Kiingereza chako nimepatwa na nini.

Kipindi chao kilikuwa cha vichekesho vifupi vifupi. Mmoja mrefu, maneno mengi. Mwenzake mnene, hacheki kamwe. Mimi na Beno, rafiki niliyepanga naye chumba enzi za chuo, hatukukikosa hata wiki moja. Tuliiga mtindo wao, tukaigiza kwa Kiswahili kwenye sherehe za Watanzania kule Stratford: mimi daktari anayekohoa kuliko mgonjwa, Beno mgonjwa anayemhurumia daktari. Mimi nilisema, yeye alinuna, watu wakavunjika mbavu. Nami, kwa akili zangu za chuo kikuu, niliamini kicheko chote ni changu.

Mimi Mhehe, Beno Mngoni. Babu zetu walipigana wakachoka, wakabaki watani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mchana kweupe, kama Wangoni wanavyotuita Wahehe wala mbwa, na ukifiwa ana wajibu wa kuja kukuchokoza, hata kumwigiza marehemu, ili huzuni isikumalize. Hayo niliyaona tangu utotoni.

Basi baba yake Beno akafariki Songea. Beno hakuweza kwenda kuzika. Pasipoti yake ilikuwa uhamiaji, akingoja viza mpya. Tukakusanyika kwa Mama Zawadi, mama wa Kihehe aliyefanya kazi ya kutunza wazee, ambaye vijana wote tulimfanya mzazi. Beno alikaa kwenye kochi tangu jana yake, hali, hasemi, chozi halimtoki. Nikaingia na tai nyeusi ya kuazima, nikamshika mkono kwa ncha za vidole, nikanong'ona pole kama nilivyoona Waingereza wakifanya, nikasimama ukutani kama karani wa benki. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho, walisema wahenga. Mimi nilikuwa nimefumba yote mawili.

Mama Zawadi akanivuta jikoni.

"Hiyo tai umekuja kuuza bima?"

"Mama, si msiba?"

"Najua ni msiba, ugali nasonga mimi. Mimi mmenifanya mzazi wenu; mtani wake humu ndani ni nani?"

"Hapa London, mama. Watu watanionaje?"

"Jumamosi unamtukana mbele ya ukumbi mzima upigiwe makofi. Leo anakuhitaji, unaogopa watu! Basi siku zote ulikuwa unamtukana kweli."

Nilirudi sebuleni. Baba yake sikuwahi kumwona, ila sauti yake niliijua: akipiga simu, hata jirani wa chini alisikia. Nikavua kiatu, nikakiweka sikioni, nikapiga kelele:

"Haloo! Beno! Huko mnakula? Au yule Mhehe amemaliza mpaka mbwa wa jirani?"

Mzee mmoja wa kanisani akakohoa. Beno akanikazia macho, nami nikatamani sakafu inimeze.

"Hakuwa anasema hivyo," akasema taratibu.

"Alisemaje?"

"Lazima aanze na mvua, wewe mla mbwa." Akaninyang'anya kiatu. "Haloo! Mvua imenyesha! Unanisikia? Nasema mvua!"

Alikuwa baba yake kabisa. Tukacheka, Mama Zawadi akijishikilia mlangoni na mwiko wake, na katikati ya kicheko hicho Beno akaangua kilio kikubwa. Nikamkumbatia mpaka kikaisha. Kisha akaomba ugali.

Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, husema wahenga. Lakini wahenga hao hao walituachia utani, labda kwa kujua wazaliwa nasi wanaweza kuwa mbali. Mwanangu, ukimtania mtu akiwa na raha, umejiandikisha pia kwenye huzuni yake. Akifiwa, usimtumie picha ya mshumaa kwenye simu ukadhani umefika. Nenda. Ukiogopa kukosea, nenda ukakosee mbele yake. Huenda akakusahihisha, na mtu akianza kusahihisha amekwishaanza kusema.

Mungu akupe mwenzako wa kukutukana kwa mapenzi. Akupe ulimi mwepesi siku za furaha na miguu myepesi siku za msiba. Na siku yako ya kulia ikifika, asikose mtu wa kuingia kwako bila hodi.