Awoi na Silinda Mbili Zilizolala

Awoi wa Lodwar alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu. Aliwanunua Kataboi, kando ya ziwa, akawapeleka Kakuma kwa pikapu yake mwenyewe, kuukuu, ya rangi ya samawati. Kuendesha alijifunzia kwenye uwanja wa ndege wa Lodwar, siku zisizo na ndege, na wanaume waliokuwa wakimcheka pembeni sasa walimwomba lifti.

Mwaka wa 1998 gari likaanza ukaidi. Asipokanyaga mafuta, injini ilitetemeka mpaka vioo vikalia. Akilipakia mzigo, halikuvuta. Mafundi wa mjini walibadilisha plagi, wakabadilisha pointi, wakasafisha kabureta, na bado likatoka gereji likiwa vilevile.

"Uza kama chuma chakavu," mmoja akamshauri.

Awoi akamtazama, akapakia samaki wake, akashika njia. Kwenye laga, ile mito mikavu ya mchanga, abiria walishuka wakasukuma, lakini Kakuma alifika.

Sokoni katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma palikuwa na Mkongo mmoja, Zéphyrin, aliyetengeneza baiskeli kando ya jiko la mandazi la mkewe, Mathilde. Aliposikia mlio wa ile pikapu aliliacha gurudumu chini akaja mbio.

"Mama, usizime! Usizime, niache nisikie!"

"Ejok, fundi," Awoi akamsalimu, akishangaa. "Wewe unajua gari?"

"Nilikuwa na ya namna hii hii kule Bukavu!" Alikwisha kufunua boneti. Macho yalimng'aa kama ya mtu aliyekutana na ndugu yake. "Iko inatembea na miguu miwili tu hii. Angalia."

Akafunga kitambaa kikavu mkononi, akachomoa waya wa plagi ya kwanza. Injini ikakwama, ikataka kuzima. Akaurudisha haraka. Akachomoa wa pili: injini ikaendelea kutetemeka vilevile, kana kwamba hakuna kilichotoka. Wa tatu: vilevile. Wa nne: ikataka kuzima tena.

Awoi akasogea karibu. Katika gereji zote alizopita, hakuna aliyewahi kumwonyesha kitu.

"Kwa hiyo hizi silinda za katikati zimelala?"

"Zimelala zote mbili, na moto zinapata. Sasa juu ya nini zilale jirani na jirani?" Zéphyrin akageuka. "Mathilde! Acha mandazi, kuja uzungushe ufunguo!"

Mathilde akajifuta unga, akapanda nyuma ya usukani. Zéphyrin alizima, akatoa plagi zote nne, akatenga waya wa moto ili injini isiwake, kisha akamwambia Awoi azibe tundu la kwanza kwa kidole gumba. Mathilde akazungusha ufunguo. Kidole kikarushwa juu.

"Imenisukuma!" Awoi akacheka kwa sauti.

"Nzuri. Sasa ya pili."

Akaziba tundu la pili. Injini ikazunguka, kidole hakikusukumwa hata kidogo. Lakini upepo wa moto ukampiga ubavuni mwa kiganja. Akainama. Akamwomba Mathilde azungushe tena, na safari hii akaweka mkono wake wa pili juu ya tundu la tatu.

"Fundi! Upepo unatokea hapa kwa jirani!"

Zéphyrin akarudia mwenyewe, akaziba la tatu, upepo ukatokea la pili. Akaruka kwa furaha hadi watu wa sokoni wakakusanyika.

"Gasketi ya hedi! Imeungua katikati ya hizi mbili. Moja ikisukuma, nguvu inakimbilia kwa mwenzake. Umeikamata, Mama!"

Asubuhi yake Awoi alidandia lori hadi Lodwar. Gasketi aliipata katika duka la vipuri, ikining'inia ukutani imejaa vumbi, akarudi nayo ameilaza mapajani njia nzima isije ikapinda. Zéphyrin akafungua hedi, kifuniko cha juu ya silinda, na kweli, kati ya silinda ya pili na ya tatu gasketi ya zamani ilikuwa imeliwa, nyeusi kama mkaa. Wakakwangua pamoja, wakaweka mpya. Bolti Zéphyrin akazikaza kidogo kidogo, kuanzia katikati kwenda pembeni.

Awoi akawasha. Injini ikanguruma laini, vioo kimya. Akapiga kelele, akatoka, akamkumbatia Mathilde, akarudi tena kuisikiliza.

Wakaenda kuijaribu nje ya soko, Zéphyrin nyuma juu ya magunia ya samaki, Mathilde mbele. Awoi akakanyaga mafuta, gari likavuta hadi wanawake wakasukumwa kwenye viti, Zéphyrin akiimba kwa Kifaransa na Kiswahili cha kwao.

Walipofika uwanda mpana, Mathilde akamgusa mkono.

"Dada, na mimi ninaweza?"

Awoi akasimamisha, akashuka, akazunguka upande wa abiria.

"Songea huko," akasema. "Kwanza klachi. Ile ya kushoto."