Vidole Vitatu

Daktari wetu wa mitishamba hamshiki mgonjwa mkono kabla hajapasha moto vidole vitatu kwenye kikombe cha chai. Ndipo huvilaza juu ya mshipa, husikiliza mapigo akiwa amefumba macho, kisha hufoka.

“Shangazi Qiao, majira ya baridi ni ya kulala! Hata dubu anakushinda akili. Loweka miguu kwa maji ya tangawizi, upande kitandani mapema.”

“Na wewe unalala lini?” Shangazi alimrudishia jana, tukacheka wote.

Foleni ilipokwisha, nikiwa nafunga dawa, alipasha moto vidole akavilaza kwenye mkono wake mwenyewe. Akahamia wa pili, akarudi wa kwanza.

“Vipi, Daktari?”

Akashusha mkono wa sweta upesi. “Chai imepoa. Vidole havisikii.”

Kikombe kilikuwa bado kinafuka mvuke.