Bomba la Grisi la Betri

Juzi nilikuwa kwenye duka la vipuri hapa Sumbawanga, namfundisha muuzaji mambo ya trekta, maana mjini hapa hakuna anayeyajua kunishinda. Akaingia jamaa wa Kaengesa mwenye mashine ya kupukuchua mahindi, akaulizia bomba la grisi la betri.

"Mikono imechoka kupampu, mshikaji?" muuzaji akamtania.

Jamaa akapandisha mkono wa koti. Kiganja hakikuwepo. "Nilikuwa natia grisi huku mashine inazunguka. Hili la betri nitalimudu kwa mkono mmoja."

Nikamuuliza, "Siku hizi unazima kwanza?"

"Nikizima, mzee, wateja wanahamia kwa jirani."

Nikautazama ule mkono uliobaki, ukibonyezabonyeza kitufe cha bomba alilopewa, kujaribu betri.