Cherehani ya Nabintu

Nabintu, fundi wa nguo aliyetoka Bukavu na kushona mtaani Kisenyi kwa miaka tisa, alifanya kosa la kuamini kwamba aliyeibiwa cherehani huenda polisi. Afande aliyepewa kesi yake alikuwa mpelelezi mwenye kipaji. Alimuuliza swali moja tu.

“Mama, nani aliiona cherehani hiyo mara ya mwisho?”

“Mimi, afande. Nilipokuwa nafunga mlango.”

“Basi tutaanza na wewe.”

Askari wakapekua chumba cha Nabintu asubuhi nzima. Walichungulia hata ndani ya sufuria ya maharage, labda cherehani ilijikunja humo. Hawakupata kitu, wakaandika kwamba uchunguzi unaendelea vizuri.

Siku ya nne Nabintu akaiona mwenyewe kwa muuza vyuma chakavu, mtaa wa pili kutoka kwake. Akamwita afande, naye akaja haraka ajabu, akamkamata muuzaji, akawapongeza askari wake kwa upelelezi hodari, kisha akabeba cherehani.

“Hiki ni kielelezo, mama. Hakitoki kituoni mpaka kesi iishe.”

“Itaisha lini?”

“Waulize mahakamani.”

Nabintu hakulia. Kesho yake alifika kituoni na uzi, mkasi na kigoda, akaketi mbele ya kielelezo, akaanza kushona. Wateja wakamfuata huko huko. Afande alikuna kichwa akitafuta sheria inayokataza, hakukumbuka hata moja. Mchana akarudi ameshika suruali yake ya kazi, imechanika nyuma.

“Panga foleni, afande,” Nabintu akamwambia, bila kuinua macho.